KULA NA KUNYWA NJIANI
Hotuba iliyosomwa Nangina mbele ya wanachama wa reli na jamaa zao



Katibu alipotuletea barua ya kutuomba tuseme juu ya kula na kunywa njiani, tulicheka kidogo. Tulidhani tungeitwa kusema juu ya mishahara. Lakini tulipokaa usiku na kufikiri tuliona kwamba mambo hayo mawili hayako mbali. Mfanya kazi wa reli hali kwake. Mwezi una siku thelathini, na sisi wa genge la njia, siku ishirini na zaidi twala chakula kisichopikwa na mke wa mtu wala mama yake. Kwa hiyo mshahara wetu hupita kwanza katika sahani za watu wengine, na kinachobaki ndicho kinachofika hapa Nangina.

Hapa kwetu Samia hatuna shida ya chakula kizuri. Samaki watoka Sio Port, ugali wa wimbi na muhogo upo, na mgeni akipita hupewa maji ya kunawa kabla hajaulizwa shida yake. Mtu aliyelelewa hivyo, anapotoka kwenda kazini mara ya kwanza, hajui kwamba chakula ni kitu cha kuuziwa mwenye njaa. Sisi tulipoandikwa kazi tulikwenda Eldoret na noti moja mfukoni na viazi vitamu katika kikapu. Viazi vilikwisha Webuye. Tulipofika Turbo tulikuwa tukiangalia milango ya hoteli kama watoto wanaomtazama mtu mzima akila. Hatukuingia, kwa sababu hatukujua bei, na tuliona haya kuuliza.

Kabla ya kusema mambo ya leo, twataka kusema kidogo juu ya zamani, maana vijana wengi hudhani kwamba shida hii ilianza nao.

Reli hii ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Waliofanya kazi hiyo wengi waliletwa kutoka Bara Hindi, watu kama 32,000, na karibu 2,500 katika hao walikufa huku. Watu hao waliletwa kwa mkataba, na mkataba ulitaja mshahara, ukataja na posho ya chakula. Twaomba mlikumbuke neno hilo, maana tutalirudia. Kibarua aliyeletwa kwa meli miaka zaidi ya mia na ishirini iliyopita alikuwa na chakula chake katika karatasi. (Pale Tsavo mwaka 1898 simba nao walipata chakula chao kwa vibarua hao, lakini hilo halikuwa katika mkataba.)

Gari lilipoanza kuchukua abiria, halikuwa na behewa la kulia. Lilikuwa likisimama kwenye stesheni fulani, kama Voi na Makindu, abiria wenye fedha wakashuka kwenda kula katika nyumba ya mapumziko, iliyoitwa kwa jina la Kihindi, dak bangla. Wakila mbio mbio, wakarudi garini. Nyumba zilikuwa na jina la Kihindi, lakini mtindo wa kusimamisha gari ili watu wale ulikuwapo Uingereza zamani. Huko Uingereza iko stesheni iitwayo Swindon. Mwaka 1841 kampuni ya reli ilifanya mapatano na wenye mkahawa wa hapo, kwamba magari yote yasimame muda wa dakika kumi hivi watu wapate kula, na mapatano hayo yalikuwa ya miaka 99! Wenye mkahawa wakawa na wateja waliofungwa. Mtu akipewa supu ya moto sana hawezi kuimaliza, kengele inalia, anaiacha na fedha amekwisha toa. Chakula kikawa kibaya mpaka hata mhandisi mkuu wa reli hiyo, Bwana Brunel, akaandika barua kulalamikia kahawa yao. Kampuni ilijikomboa mwaka 1895, tena kwa kulipa pauni 100,000. Twawaambia haya ili mjue kwamba mtu asiye na mahali pengine pa kwenda hupewa chakula kibaya kwa bei kubwa, awe Mwingereza, awe Msamia.

Baadaye yakaja mabehewa ya chakula, yenye vitambaa vyeupe na kengele ya kuita watu mezani. Hayo yalikuwa kwa ajili ya daraja la kwanza na la pili. Baba zetu na babu zetu walipanda daraja la tatu, na meza yao ilikuwa dirisha. Gari likisimama, akina mama wenye ndizi, mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma na miwa wakawa wanakimbia chini, abiria wananyoosha mikono. Wengine gari liliondoka kabla hawajarudishiwa chenji, na wengine gari liliondoka kabla hawajalipa. Hata mjini Nairobi hoteli nyingi kubwa zilikuwa hazimpokei Mwafrika mpaka karibu na mwisho wa ukoloni, ingawa mikono iliyopika chakula hicho ilikuwa ya Waafrika. Siku hizi gari jipya la Mombasa, lililoanza tarehe 31 Mei 2017, madirisha yake yamefungwa kwa ajili ya hewa baridi. Limekwenda mbele kwa mwendo, lakini yule mama mwenye ndizi hana tena mahali pa kunyoosha mkono.

Jambo moja la zamani ni zuri, nalo halijafa. Pale Makindu liko hekalu la Kalasinga, lililojengwa mwaka 1926, nao waliolijenga walikuwa wafanya kazi wa reli. Mtu ye yote anayepita, wa dini yo yote, mwenye fedha au asiye nazo, hupewa chapati, dengu na chai bila kulipa. Anavua viatu, anafunika kichwa, anaketi pamoja na wengine, anakula, anakwenda zake. Sisi tulikula hapo siku moja tulipokuwa tukienda Mombasa kwa mazishi. Tulikuwa watano. Tuliuliza ni kiasi gani, wakatuambia si kiasi gani. Mmoja wetu alisema nje kwamba watu wa reli wa zamani walijua kupendana kuliko sisi. Hatukumjibu.

Wazee waliofanya kazi kwenye injini za mvuke wametusimulia mengi. Kule Uingereza fayamani walikuwa wakikaanga mayai na nyama ya nguruwe juu ya koleo la makaa, ndani ya tanuri la injini. Hapa kwetu zile Garratt kubwa za mwaka 1955 na 1956, zilizopewa majina ya milima, zilichoma mafuta, kwa hiyo hakukuwa na koleo la kukaangia. Wazee walikuwa na behewa lao la kulala, kundi moja likiendesha kundi la pili linapumzika, na sufuria ya ugali ilikuwa humo humo. Mzee mmoja alituambia kwamba aliweza kupika ugali bila kumwagika hata kwenye kona za Mau. Hatujui kama ni kweli, lakini twamheshimu.

Sasa tuje kwa mambo ya leo na njia yetu sisi, yaani kutoka juu kule mpaka mpakani.

Timboroa ni juu sana, zaidi ya futi 9,000, na baridi yake huingia mpaka kwenye meno. Huko mtu hana haja ya kufundishwa. Anakunywa chai ya moto, anakula viazi na maharagwe, na anashukuru. Kasoro yake ni kwamba hutumia fedha kwa chai kila saa. Eldoret kuna hoteli za kila namna, nasi twashauri mgeni aingie zile ambamo makuli na makondakta wamejaa, maana mahali penye watu wengi chakula hakilali. Turbo, Lugari na Webuye twala katika vibanda vilivyo karibu na njia. Bungoma chakula ni kingi na bei si mbaya.

Lakini Malaba ndiko tunakokaa siku nyingi. Mpaka una tabia yake. Upande huu twala ugali, sukuma wiki, omena, samaki na matumbo. Ukivuka daraja wapata matoke na mchuzi wa karanga, na ile chapati inayoviringishwa na mayai ndani, ambayo vijana wa Uganda wanaiita roleksi. Twaisifu sana, maana mtu huila akiwa amesimama na kazi ikaendelea. Ndugu mmoja mgeni alivuka siku ya kwanza, akala roleksi mbili na chai, akaambiwa alipe elfu tano. Alikaa chini kwenye benchi, akatuuliza kwa sauti ndogo kama twaweza kumtumia mtu nyumbani akauze mbuzi. Hakujua kwamba shilingi moja yetu ni zaidi ya shilingi ishirini za Uganda. Lakini msicheke sana, maana mwenzake alifanya kinyume: alilipa shilingi zetu kwa hesabu ya kwao, na mwenye kibanda hakusema neno. Basi ulizeni kwanza: Ni bei gani, na ni fedha ya nani?

Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona, madereva wa malori walipozuiwa wapimwe kabla ya kuvuka. Foleni ilitoka Malaba ikarudi nyuma kilomita nyingi sana, na watu wakalala chini ya malori siku baada ya siku. Madereva walipika kwa majiko madogo kando ya barabara. Watu waliwaogopa, hata wengine hawakutaka kuwauzia maji. Wakati huo tuliona ni nani mtu na ni nani si mtu. Yuko mama mmoja mwenye kibanda karibu na njia yetu ya reli, ambaye hatutamtaja jina, maana hakutupa ruhusa. Yeye alikuwa akiweka sufuria ya uji juu ya jiwe, anarudi nyuma hatua kadha, dereva anakuja kuchukua, anaweka fedha juu ya jiwe lile lile. Fedha aliziosha kwa sabuni. Nasi wa genge la njia alitulisha hivyo hivyo, na asiyekuwa na fedha aliandikwa katika daftari. Tutarudi kwa daftari hilo.

Juu ya maji twaomba msikilize vizuri, hasa ninyi vijana. Mwaka jana mwenzetu mmoja alishikwa na homa ya matumbo akiwa kazini. Alianza kwa kuumwa kichwa, tukadhani ni malaria, akanunua dawa dukani, akaendelea kubeba vyuma. Siku ya kumi hakuweza kusimama. Homa hii hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye ugonjwa, huingia majini au kwenye mikono ya mpishi, kisha humezwa. Haitazami kama maji ni meupe. Maji yaliyochemka mpaka yakatokota hayana homa hiyo, na chai iliyochemka haina. Lakini maji ya jagi yaliyowekwa mezani, ambayo kila mtu anachota kwa bilauri ile ile, hayo ndiyo yaliyomwangusha. Tangu siku ile twabeba maji yetu ya kuchemsha katika chupa, na twatazama mambo mawili kabla ya kuketi: kama liko birika la kunawia lenye sabuni, na kama choo kiko mbali na mahali pa kupikia. Asiyeona mambo hayo mawili aendelee na safari yake hata kama nyama inanukia vizuri. Mwenzetu huyo amepona, yuko hapa leo, lakini alipoteza kazi ya miezi miwili, na siku alizolala hazikulipwa.

Juu ya pombe hatutaki kuhubiri, kwa kuwa tulisomea shule ya misheni na tulihubiriwa vya kutosha. Ndugu zetu Wateso wana ajon yao, pombe ya wimbi, inayonywewa kwa mirija mirefu, watu wakizunguka chungu kimoja. Ni desturi ya heshima. Mtu hasimami na mrija mdomoni, haupulizi, na wazee huulizana habari za mashamba na za watoto. Mtu akilewa hapo atapelekwa nyumbani na watu wanaomjua. Tunaloogopa ni zile chupa ndogo na vile vikombe vya nyuma ya nyumba. Chang'aa iliruhusiwa kwa sheria ya mwaka 2010, lakini kwa masharti, na watu wa vichochoroni hawana habari na masharti. Mwaka 2014 watu wengi katika Kenya walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine walipofuka macho. Mtu wa njia akipofuka atafanya kazi gani? Hata asipopofuka, gari la mizigo halimpishi mlevi. Hilo tumeliona kwa macho, na twaomba tusilisimulie.

Sasa hesabu. Tuseme mtu yuko kambini Malaba. Asubuhi chai shilingi 20 na chapati mbili 40. Mchana ugali na mboga na kipande cha nyama 150. Jioni vile vile 150. Hiyo ni shilingi 360 kwa siku, bila soda, bila sabuni, bila kumnunulia rafiki kitu. Kwa siku ishirini ni shilingi 7,200. Mwajiri wetu, ambaye hatutamtaja kwa sababu mazungumzo yanaendelea, ameahidi posho ya safari. Lakini posho hiyo huja mwisho wa mwezi, na mara nyingine mwisho wa mwezi unaofuata. Tumbo haliwezi kungoja karani apige muhuri. Matokeo yake ni kwamba mfanya kazi hukopa, na anayemkopesha si benki, ni yule mama wa kibanda. Kwa kweli yeye ndiye anayeendesha kazi ya mwajiri kwa fedha zake mwenyewe, bila kujua na bila faida.

Kwa hiyo chama kimepeleka maombi matatu. La kwanza, posho ilipwe kabla ya safari, walau nusu yake. La pili, kila kambi ipewe chumba cha kupikia chenye jiko, meza na tangi la maji safi, kusudi watu waweze kuchanga na kupika wenyewe. La tatu, mtu anayeugua kwa maji ya kambini ahesabiwe kuwa ameugulia kazini. Katibu atawasomea majibu yakija. Mpaka leo hayajaja, na tukiulizwa twasema hivyo hivyo, hatutaki kuwadanganya. Wako wanaotuambia tungoje kwa kuwa kazi ni chache. Sisi twawajibu kwamba mkataba wa wale vibarua wa mwaka 1896 ulikuwa na posho ya chakula, na kazi ilikuwa ngumu zaidi, na reli ilifika.

Lakini ndugu, liko jambo ambalo ni letu wenyewe, nalo ndilo hasa lililotufanya tukubali kuja kusema hapa.

Yule mama wa uji wa juu ya jiwe amefunga kibanda. Alifunga mwezi uliopita. Sisi tulifika jioni tukakuta mlango una kufuli, na benchi limewekwa juu ya meza. Wengine walisema amehama kwa sababu biashara imehama: tangu ukaguzi wa mpakani uwekwe mahali pamoja, lori linalotoka kwetu hukaguliwa upande wa Uganda na linalotoka Uganda hukaguliwa kwetu, kwa hiyo walaji wamebadili mahali. Tuliamini hivyo siku mbili, kwa kuwa ilitupendeza kuamini. Siku ya tatu tulimtafuta, tukamkuta kwake anachambua mboga za kuuza sokoni. Hakutukasirikia. Alitupa chai. Kisha akaleta daftari lake, la kurasa 96, akasema, Wanangu, mimi sijafukuzwa na mpaka.

Tulilisoma pale pale. Majina ni yetu. Mwingine ana shilingi 300, mwingine ana 4,000. Wako waliohamishwa kwenda kambi nyingine bila kuaga, na wako waliopokea posho yao, tena tunawajua, wakapita njia ya nyuma ya kibanda ili wasionekane. Na sisi tunaosimama hapa kusema pia tumo, ukurasa wa 31, shilingi 1,850. Tumelipa juzi. Tulimlipa mbele ya watoto wake, tukaona haya zaidi kuliko siku ile ya Turbo.

Twawezaje kwenda kwa mwajiri kumwambia, Lipa chakula chetu kwa wakati, na sisi hatujalipa chakula tulichokwisha kula? Akituuliza tutasema nini? Tena mama huyo hana chama. Hana katibu wa kumwandikia barua. Mwaka ule wa korona angeweza kutufungia mlango, na hakuna mtu ambaye angemlaumu.

Amekubali kufungua tena mwezi ujao, kama atapata fedha za unga na mkaa za kuanzia. Ametupa daftari tulilete hapa, kwa sababu wengi walioandikwa ni wa upande huu wa Nangina na Funyula. Tumeliweka mezani kwa Katibu, pamoja na kalamu na kitabu cha stakabadhi. Hatutasoma majina kwa sauti. Kila mtu aje atafute ukurasa wake, na asiyekuwa na fedha leo aandike tarehe atakayolipa, na aweke sahihi. Meza itakuwa wazi mpaka saa kumi na moja, kisha Katibu atapanda matatu ya kwenda Busia, na kesho asubuhi atakuwa Malaba.